Mfumo Salama Kuliko Yote

Jamani, ngoja niwaambie yaliyonipata juzi, mnicheke yaishe. Mimi ni Mkenya, naandika programu hapa Kampala. Nilikuwa nimetengeneza maktaba ya programu, yaani msimbo ambao wenzangu wangeutumia kuonyesha ukaguzi wa mifumo ya wateja iliyo kwenye wingu la mtandao. Mteja anajibu maswali ya usalama, na kila swali linapata rangi: nyekundu ni hatari, kijani ni salama.

Mteja wa kwanza alikuwa Mama Neema, Mkongomani mwenye kampuni ya kusafirisha mizigo pale Kisenyi. Bosi wangu aliitaka sana kazi yake. Siku alipokuja ofisini kwetu kwa mkutano, nikafungua ukurasa wake mbele ya watu wote. Kijani kitupu! Kichwa kikanivimba.

"Hongera, Mama," nikamwambia. "Sijawahi kuona mfumo salama kama wako. Wengine waje wajifunze kwako."

Bosi akapiga makofi, nami nikazidi kumsifu. Mama Neema akanitazama kwa huruma.

"Asante, mwanangu. Lakini yale maswali mulinitumia, mimi sijayajibu bado. Hata moja."

Makofi yakakatika. Kumbe nilikuwa nimeandika kwenye msimbo kwamba swali lisilo na jibu halina hatari, lipewe kijani! Nikatamani kujificha chini ya meza.

"Basi niache tu nisijibu," Mama Neema akaongeza taratibu, "nisije nikauharibu huo mfumo salama."

Bosi ndiye aliyeanza kucheka. Mimi nilicheka kuliko wote.