Nati Kumi na Mbili za Fundi Kabari

Saa mbili asubuhi fundi anayeitwa Kabari anavua pete ya ndoa, anaitundika kwenye msumari ukutani, kisha anapiga magoti mbele ya betri ya gari la umeme, pana kama godoro.

Pete haiingii kazini. Shemeji yake alisahau kuvua yake. Iligusa ndani ya betri, ikawaka kama waya wa jiko. Kidole kilikatwa.

"Dada yako alinivisha, betri ikanivua," shemeji hutania mpaka leo. Kabari hacheki.

Kazi yake ni kufungua betri zilizochoka na kubadilisha seli zilizokufa. Mfuniko umebandikwa kwa gundi, na kuingiza chuma humo ni kutafuta moto. Kwa hiyo anaipasha gundi joto, anasukuma kabari za plastiki moja baada ya nyingine. Betri moja humchukua saa sita. Moshi wa gundi umempa kikohozi cha miaka minne.

Wahandisi wa kiwanda cha magari waliondoa nati ili gari liwe jepesi, liende mbali kwa chaji moja. Kwenye mlango wa gari wakachora jani la kijani, alama ya kutunza mazingira.

"Na betri ya hilo jani waje waifungue wenyewe," anasema Kabari.

Mwaka jana alitengeneza mfuniko wa nati kumi na mbili. Unafunguka kwa dakika ishirini. Mhandisi mmoja wa kiwanda alikuja, akaupima, akatikisa kichwa.

"Mzee wangu, mfuniko wako umezidi kilo tatu. Hapo tunapoteza kilomita mbili."

"Na mapafu yangu yamepoteza kilomita ngapi, mwanangu?"

Mhandisi alipiga picha, akaaga kwa adabu. Gari la toleo jipya lilipoletwa karakanani, Kabari alikuwa wa kwanza kulala chini yake kutazama. Gundi. Safari hii matabaka mawili.

Mwezi huu binti yake ameanza kazi hapo karakanani, kwenye meza ya pili. Chuo kilishindikana, na baba hakuwa na pengine pa kumpeleka. Wiki hii naye anakohoa.

Sasa kila betri anayoitengeneza, Kabari anaifunga kwa nati. Bosi anajua, anajifanya haoni.

"Baada ya miaka minane zitarudi hapa. Mimi sitakuwepo. Atakayezifungua ni huyu," anasema, akimwonyesha binti kwa kidevu. "Akinitukana, anitukane kwa mengine."