Maua ya Kurudishia

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu kule Kitulo, mwanangu, asubuhi iliyonivuruga kichwa, na mpaka leo hakijatulia sawasawa. Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne kwa masista, karibu na Njombe, nikijiona najua hesabu kuliko walioibuni. Usicheke, hata wewe unajiona hivyo.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipoachiwa huru. Matajiri wa Makambako walinunua kikande, vile viazi vidogo vinavyokaa chini ya maua ya mwituni, wakavipakia kwenye malori kupeleka Zambia, ambako watu huvitwanga na kuvipika. Mama yangu alikuwa mchimbaji. Tangu baba afariki, kikande ndicho kilichotulisha.

Basi akaja mtaalamu wa mimea, tukamwita Bwana Maua. Kijiji kilitaka kujua kama kikande kimebaki cha kutosha, au kilima kinakochimbwa kipumzishwe. Akanichukua nimsaidie. Unatupa fremu ya mbao kwenye nyasi bila kuchagua mahali, unahesabu maua yaliyoangukia ndani, unahamia pengine. Mwisho, kwa vipande hivyo vichache, unakadiria kilima kizima. Maua yalikuwa tele! Nilifurahi mno, maana yakiwa mengi, mama ataendelea kuchimba.

Asubuhi hiyo nikavuta ua moja nimwoneshe Bwana Maua kiazi chake. Likatoka bila kitu. La pili, tupu. La tatu likawa na kiazi, nikajuta kulisumbua.

"Sasa hiki nini?" akaniuliza.

Nilijua ni nini, ila sikuwahi kukifikiria. Kwetu ukichimba kikande huachi shimo wazi. Unafukia, kisha unarudishia shina na ua lake, ukiamini litaota tena. Kwa baridi ile ua husimama siku kadhaa kama halijaguswa. Sasa yapi yalikuwa mazima, yapi ya kurudishia? Tungeyang'oa yote ili tujue, tungeua kile kile tulichokuja kuhesabu. Bwana Maua akakaa juu ya fremu yake, akashika tama. Nami nikashika langu.

Jioni nikamweleza mama, nikitaraji atanisifu kwa usomi wangu. Wapi!

"Wewe binti," akasema, "unahesabu watu kwa kutazama mapaa ya nyumba? Hodi hukupiga?"

"Lakini mama, yale mliyorudishia huota kweli?"

"Kesho tutakwenda kuona," akasema. Mama yangu hakuwa mtu wa kuahirisha jibu, mwanangu, nikaogopa.

Kesho yake akanipeleka kwenye mteremko aliouchimba mwaka uliotangulia. Palikuwa na nyasi tu. Akapiga magoti, akafukua taratibu kwa vidole, hapa na pale, pote alipokumbuka. Hakuna.

"Labda yamelala," akasema. "Kuna miaka hulala."

"Labda, mama."

Hakuna kati yetu aliyejua. Nilimhurumia hata nikasahau hesabu.

Kwenye mkutano wa kijiji Bwana Maua alisema wazi kwamba idadi hana. Watu wakaguna: mtaalamu gani huyu? Wachimbaji wakashangilia, wakidhani wamepona. Ndipo mama akasimama, akasema, "Shikamooni wazee. Mimi nachimba, na kwangu hakuna baba. Nimefukua nilikorudishia, sikukuta kitu. Sijui vimebaki vingapi. Kwa kuwa sijui, kesho siendi kuchimba." Akaketi, akijifunika khanga usoni. Mchimbaji mmoja akasimama, akasema naye haendi.

Mwaka ule tulikula viazi mviringo mpaka tukavichukia. Je, kikande kilirudi? Pengine kiliota, pengine hakikuota. Nimewauliza wengi, kila mmoja na lake.

Mwanangu, haba na haba hujaza kibaba, lakini kwanza hakikisha kila haba ina kitu ndani. Ukihesabu kidogo ili ukadirie kikubwa, chunguza kile kidogo mpaka chini, maana kosa la kiganjani hugeuka kosa la kilima kizima. Na pale usipojua, sema hujui, kisha punguza mkono wako, hata kama ni chakula chako. Kutojua si ruhusa ya kuchukua.

Mungu akupe macho ya kuona chini ya ua, akupe na moyo wa mama yangu siku ile, aliporudi nyumbani hana kitu akatukokea moto. Nenda salama, mwanangu.