Mafuta ya Dorsey Pruitt

Nelda Pruitt aliolewa katika nyumba iliyonuka nta, na kwa miaka mingi aliilalamikia harufu ile kama wanawake wengine wanavyolalamikia tumbaku ya waume zao. Dorsey, mumewe, alikuwa dereva wa greda, akichonga barabara za changarawe katika vilima vya kusini mwa Missouri. Jioni na Jumamosi alikuwa mtu wa kusubu risasi. Aliokota vipande vya madini ya risasi gereji, akaviyeyusha bandani, akavimimina kwenye kalibu. Lakini risasi ya kusubu haipigwi kavu. Ikipita kavu kwenye mtutu hujikwaruza na kuacha utando, na siku ya pili bunduki hailengi tena. Lazima ipakwe mafuta. Ya dukani yapo, ila Dorsey aliyapikia nyumbani ya kwake: nta ya mizinga yake mwenyewe ya nyuki, shahamu ya kondoo, na mafuta kidogo yanayotoka kwenye manyoya ya kondoo huyohuyo.

Mwaka wa kwanza wa ndoa aliyapikia kwenye sufuria ya Nelda. Kesho yake maharage yakagandamana midomoni.

"Dorsey! Umenilisha mshumaa?"

"Kula tu, bibie. Leo maneno yako yatateleza."

Walinuniana, kisha wakacheka, na Dorsey akanunua sufuria yake. Wanaume wa klabu ya shabaha, pale nyuma ya kilima, wote walitumia mafuta yake, naye aliwagawia kwenye makopo ya tumbaku. Rafiki yake Royce Ketchum alichukua kuliko wote, na Dorsey hakukosa la kumwambia: "Wewe hata nikikupakia mafuta ya malaika, utamkosa kulungu aliyelala."

Alipostaafu, akili ilianza kumtoka, taratibu, kama maji kwenye ndoo yenye ufa. Alisahau jina la binti yao aliyekaa Tulsa. Alipotea kwenye barabara alizozichonga mwenyewe. Nelda aliwaficha watu hali yake. Alimjibia maswali, akamfungia vifungo, akasema mzee amechoka tu.

Ikafika asubuhi moja ya vuli, karibu na msimu wa kulungu. Nelda aliingia kutoka banda la kuku na kikapu cha mayai. Dorsey alikuwa amesimama jikoni, bunduki ya marehemu baba yake begani, mtutu umemwelekea Nelda kifuani.

"Wewe nani? Unafanya nini nyumbani kwa mama yangu?"

Nelda alilitazama jicho lile alilolizoea miaka yote ya ndoa, na halikumtambua. Hakupiga kelele. Hata yeye hakujua sauti ile ilitoka wapi.

"Mimi mtu wa mayai, bwana. Nimemletea mama yako mayai."

Dorsey akafikiri. Mtutu ukashuka kidogo, ukashuka tena.

"Weka mezani basi. Mama yuko kanisani."

Akaweka. Alipoketi mumewe kuangalia mayai, Nelda aliichukua bunduki polepole, akaifungua. Ilikuwa imejazwa. Risasi yenyewe ilikuwa imepakwa mafuta vizuri, inang'aa. Akampigia simu Royce.

Walizitoa bunduki zote kwa mlango wa nyuma, Dorsey akila mkate na mchuzi mezani. Royce alizifunika kwa turubai kwenye gari lake.

"Akiuliza, shemeji?"

"Sema zimekwenda kusafishwa."

"Sijawahi kumdanganya mtu huyu."

"Basi anza leo, Royce. Mimi nilianza zamani."

Aliuliza. Aliuliza kila siku, mbele ya rafu tupu ya bunduki, na kila siku uchungu wake ulikuwa mpya. Wakati mwingine alilia kama aliyeibiwa. Nelda akajua asipompa kitu mikononi atakufa kwa huzuni, akamwachia sufuria. Walikaa pamoja jikoni, yeye akichunga moto, Dorsey akikoroga. Royce alikuja kuchukua makopo ingawa nyumbani kwake yalikuwa yamejaa, na hata Dorsey alipoanza kutia unga wa ngano akidhani anapika mchuzi mzito, Royce aliyapokea.

"Yanapiga?" Dorsey aliuliza.

"Moja kwa moja, ndugu yangu."

"Na kulungu?"

"Nimepata dume kubwa."

"Mwongo mkubwa wewe," Dorsey akasema, na wote watatu wakacheka, na Royce akatoka haraka kabla uso haujamharibikia.

Siku moja, theluji ikianguka, Dorsey aliweka mwiko chini akamgeukia mkewe. Macho yake yalikuwa safi, ya mtu mwenye akili zake.

"Nelda. Bunduki umezitoa wewe, sivyo?"

Alitaka kudanganya, ulimi ukakataa. "Ndiyo."

"Nilimwelekezea nani mtutu?"

Nta ilichemka kidogo. Nelda akapunguza moto.

"Mimi."

Dorsey akasogea karibu naye. Kisha akamshika kiganja, mafuta yakawaganda wote wawili.

"Ulifanya vizuri," akasema. "Usizirudishe. Hata nikikubembeleza."

"Sitazirudisha."

"Uliogopa?"

"Niliogopa sana, Dorsey."

Akaanza kulia, naye Nelda akalia, vichwa vyao vimeegemeana. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuwa peke yake na jambo lile. Alikuwa na mumewe. Kisha Dorsey akainua uso, akaiangalia sufuria, akauliza kwa adabu, kama mgeni:

"Samahani mama, hiki ni nini kinachopikwa?"

Akili yake haikurudi hivyo tena. Kabla baridi haijaisha alipelekwa nyumba ya kutunzia wazee, maana Nelda hakuweza tena kumwinua bafuni. Huko Dorsey alimwita Nelda mama wa mayai, akampenda, akamwuliza kama ana mume. Nelda alisema anaye. Dorsey alifariki mchana, usingizini, Nelda akiwa njiani kwenda kumwona, na habari alipewa mlangoni na muuguzi asiyemjua.

Mizinga aliwauzia vijana wa shamba la jirani. Royce hupita kila Jumapili baada ya kanisa, hukaa naye barazani na kahawa. Jumamosi, milio ya bunduki za klabu inapovuka kilima, Nelda huongeza sauti ya redio na kuendelea kuosha vyombo.