Hajafungwa, Amehifadhiwa

Leo sokoni Kasulu nilisikia harufu ya mihogo iliyovundikwa, nikajiona mtoto tena mbele ya stoo ya ofisi ya kata. Baba alikuwa ndani. Hakwenda kwenye kazi ya lazima ya kuchimba choo cha shule kwa sababu alinipeleka hospitali Kabanga, na mtendaji wa kata akamfungia humo pamoja na mihogo aliyowanyang'anya watu.

Mama alifika na ugali kwenye kikapu. Mtendaji alikaa kando ya mlango, tumbo mbele.

"Mama, mumeo hajafungwa. Kufungwa ni kwa hakimu."

"Basi yuko mahabusu?"

"Mahabusu ni ya polisi. Huyu tumemhifadhi tu."

"Mimi huhifadhi mbegu. Hilo kufuli la nini?"

"La usalama wake."

Baba akacheka kule ndani. "Mke wangu, kumbe niko salama!"

Kwetu mtu wa heshima husalimiwa kwa kuinama na kupiga makofi taratibu. Mtendaji aliweka koti lake sawa, akangoja. Mama akampita kama kisiki, akauinamia mlango, akapiga makofi, akamsalimu baba kwa Kiha, akimuuliza hata habari za ng'ombe tusiokuwa nao. Baba akaitikia zote. Watu waliokuwa nje ya ofisi wakacheka, na mtendaji akafungua kufuli bila kumtazama mtu.

Leo mzee mmoja aliyekuwa akichagua mihogo alinigeukia, akangoja salamu. Nililitambua tumbo. Mimi ni mwoga wa kusema na watu. Nilimwinamia mwanamke muuza mihogo, nikampigia makofi.