Mama Usiguse ana swali lake

Mlango mkubwa bado umefungwa. Ndani, katika chumba cha tatu cha nyumba ya makumbusho, mwanamke aliyejifunga kilemba cha buluu amepiga goti mbele ya kabati la kioo. Ana kitambaa mkononi na anafuta pua za jana.

"Hizi ni za darasa la pili," anasema, akionyesha alama za ukungu zilizojipanga usawa wa kiuno chake. "Wanabandika pua, wanabandika viganja, mwingine analamba kabisa. Halafu mwalimu wao ananiambia nisiwafokee."

Kwa alama hizo anajua watu wamependa nini. Kabati la mikuki halimsumbui. Linalomtoa jasho ni kabati la vitu vya nyumbani: chanuo, kioo cha shaba, taa ya mafuta na chungu ambacho wakubwa wa zamani walikiweka chini ya kitanda kwa haja ya usiku.

Mama huyu ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Kazini anaitwa mhudumu wa chumba, maana yake ni kufagia, kufuta vioo na kukaa kwenye kiti cha mlangoni akiangalia mikono ya watu. Siku ya kwanza alipewa neno moja la kuwaambia wageni, "usiguse", na kwa neno hilo watoto wakambatiza Mama Usiguse. Siku hizi hata sokoni akiitwa hivyo anaitika.

Lakini wageni hawaji kusikia neno hilo. Wanakuja na maswali, na hayo maswali hawayapeleki ghorofani kwa wenye elimu yao. Wanammiminia yeye.

"Mtaalamu yuko juu, amevaa miwani," anaeleza. "Mimi niko mlangoni na kandambili zangu. Nani atapanda ngazi kumwuliza mtu wa miwani kama mfalme naye alikuwa anakoroma?"

Wanamwuliza watu wa mapangoni walikatia nini kucha. Wanamwuliza, kabla ya saa kuwapo, mtu aliyeahidiana na mwenzake alijuaje kwamba amechelewa. Mama mjamzito aliwahi kumwuliza enzi za taa ya mafuta mtoto anayeogopa giza alibembelezwa vipi, mafuta yakiisha. Kijana mmoja aliyekuja na mchumba wake alitaka kujua kabla ya vioo mtu alijijuaje kama ni mzuri.

"Nikamwambia aliambiwa na wenzake. Akasema, 'Na kama walikuwa wanamdanganya?' Nikamwambia, basi hapo hapajabadilika kitu."

Juzi mwanafunzi alisimama mbele ya simu nyeusi ya kuzungusha namba kwa kidole.

"Mama Usiguse, hii walikuwa wanaichaji wapi?"

"Haichajiwi hiyo. Ilifungwa na waya ukutani."

"Sasa mtu akitoka nje?"

"Akitoka, ndiyo ametoka."

"Watu wake wanampataje?"

"Wanamngoja."

Mtoto akamtazama kama aliyeambiwa habari ya mateso. Mama akageuka akajifanya anapangusa kizingiti.

Maswali yanayomshinda huyapandisha mwenyewe ghorofani wakati wa chai. Msimamizi wa makumbusho, bwana mpole aliyesomea historia, anasema huwa anamsubiri. "Wasomi wenzangu huniuliza fulani alitawala mwaka gani," anasema. "Mama huyu ananiuliza, fulani akiumwa tumbo alimwambia nani kwanza. Nusu ya maswali yake sina jibu. Ninakwenda kutafuta."

Mwezi uliopita alipanda na swali ambalo hakuna mgeni aliyeliuliza.

"Nilimwambia kuna mtu chini anataka kujua. Zamani, mtu akisafiri asirudi, wala habari zake zisije, mkewe alimngoja mpaka lini?"

Msimamizi aliweka kikombe chini. Akamweleza kwamba hapakuwa na jibu moja. Zipo sheria za kale zilizosema miaka minne, na zipo zilizosema saba. Na walikuwapo wanasheria wa kale waliosema mtu huyo ahesabiwe yu hai mpaka wenzake wa rika lake waishe wote.

"Akasema, 'Mgeni mwenyewe bado yupo? Nimshushie kitabu.' Nikamwambia, 'Ametoka kidogo.'"

Mumewe ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaani walimpa jina la Cheche, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Aliondoka kwenda mji wa migodi ng'ambo ya mpaka, kwa mkataba wa mwaka mmoja, ili binti yao aendelee na shule. Kila Jumapili alipiga simu. Jumapili moja alisema kesho yake wanahamishiwa kambi nyingine, huko mtandao ni wa taabu. "Nitakupigia," akasema. Huu ni mwaka wa tisa.

Baada ya hapo zilikuja habari za watu. Mmoja alimwona Cheche na mke mwingine, amenenepa. Mwingine alisikia shimo lilititia na waliokuwamo hawakutolewa. "Kila mmoja alikuwa na uhakika," anasema mama huyu. "Nikawaambia kaeni pamoja mkubaliane, halafu mniletee habari moja."

Alitafuta kazi, akaipata hii. Jioni hushona sare za shule katika chumba kimoja anachoishi na binti yake. Mshahara wake, anasema kwa kicheko, unaijua tarehe ishirini tu, kuvuka hapo haujawahi. Hata hivyo binti amesoma uuguzi na mwaka jana aliajiriwa.

Katika miaka yote hiyo kuna kitu kimoja hakukibadilisha. Akiulizwa mumewe yuko wapi, hujibu, "Amesafiri." Hasemi alisafiri. Tofauti ya silabi hizo mbili anaisikia kuliko mwalimu yeyote wa sarufi. Anayesemwa "alisafiri", safari yake imekwisha, iwe vizuri au vibaya. Aliye bado safarini, huyo amesafiri.

"Chumbani kwangu kazini kila kibao cha maelezo ni li, li, li," anasema. "Walitumia, waliishi, walilala. Sina ugomvi nacho, wale wamekwenda zao. Lakini nikivua sare, li naiacha palepale mlangoni."

Ndiyo maana alishtuka usiku mmoja wakila, binti yake aliposema, "Baba alikuwa anapenda chumvi."

"Nikamwambia, bado anapenda. Akainamia sahani yake. Nikajua mwenzangu ameshahamia kwenye li."

Sasa binti anaolewa. Ni jambo ambalo mama huyu amelililia kwa Mungu, na ndilo lililomletea mtihani.

Jumapili moja alasiri shemeji yake alikuja kuwatembelea. Huyu ni mdogo wake Cheche, seremala, mtu wa maneno mengi na kicheko cha karibu. Binti akatoa simu yake kuwaonyesha mfano wa kadi ya mwaliko uliotoka kwa mchapaji. Mama akavaa miwani. Mstari wa kwanza ulianza, "Familia ya marehemu Bwana", kisha jina la mumewe.

"Hili neno limeingiaje humu?" akauliza.

"Muulize baba mdogo," binti akajibu.

Seremala alikohoa. "Shemeji, mimi simziki ndugu yangu. Lakini kadi inasomwa. Mtu akisoma Bwana na Bibi, akifika ukumbini atamtafuta Bwana. Tutamwonyesha nani? Mimi?"

"Wewe una ubaya gani?"

"Ubaya sina. Suti ndiyo sina."

Binti hakucheka. Aliweka simu mezani taratibu, kioo chini.

"Mama, wakwe zangu wameuliza mara mbili. Nikasema amesafiri. Miaka tisa, mama. Watu wanaelewa vingine. Wanaelewa ametukimbia." "Mimi afadhali niwe yatima kuliko kuwa niliyekimbiwa. Yatima anapewa pole. Yule mwingine anapewa jicho."

Mama huyu anasema alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Hakuwahi kufikiri kwamba lile "amesafiri" analolishika yeye kama blanketi, mwanawe lilimchoma. Kukubali neno "marehemu" kulikuwa ni kumzika mume kwa wino. Kuliondoa kulikuwa ni kumpeleka binti ukumbini na minong'ono nyuma yake. Na mchapaji alikuwa anataka jibu Ijumaa.

Akasema alilokuwa nalo. Akawasimulia jibu la msimamizi: sheria ya miaka minne, ya saba, na ile ya rika.

"Shemeji," akamgeukia seremala, "wewe na kaka yako si mlianza shule siku moja?"

"Siku moja, dawati moja. Na viboko tuligawana."

"Basi nyie rika moja. Kwa sheria ile, tukitaka kuliandika neno hili inabidi wewe utangulie kwanza."

Seremala alicheka mpaka akashika mbavu, akapiga meza, akamwita shemeji yake mchawi. Kisha kicheko kikamwisha ghafla. Akakaa anaangalia mikono yake, mikubwa, yenye gundi kavu kwenye kucha.

"Kumbe bado nipo," akasema. Akaisukuma simu kwa binti. "Ondoeni hilo neno. Nitasimama kwa niaba yake. Kwa niaba ni ya mtu aliyepo mahali. Suti nitaazima."

Wakamgeukia binti. Harusi ni yake.

"Mama, kazini unaulizwa mchana kutwa," akasema binti. "Wewe ulimwuliza nani kuhusu baba?"

"Si nilipiga simu? Nimepiga mpaka leo."

"Simu imezimwa, hiyo si kuuliza. Kule kwenyewe ulikwenda?"

Anaposimulia hapa, Mama Usiguse hukunja kile kitambaa chake cha vioo, akakikunjua, akakikunja tena.

"Sikwenda. Mwaka wa kwanza nilisema nauli sina. Wa pili mtoto ana mtihani. Kisha nikapata kazi, nikasema ruhusa hawatanipa. Sababu hazikunipungukia hata siku moja. Lakini mtoto aliponitazama vile, nikaona nimeishiwa. Nikamwambia, mwanangu, niliogopa kujibiwa."

Binti alihama kiti, akaenda kukaa karibu naye. Wakapatana hapohapo, seremala akiwa shahidi. Kadi zitachapwa bila lile neno, "Bwana na Bibi" kama za watu wengine. Na kabla ya harusi mama atavuka mpaka, atakwenda kuuliza.

Kwa msimamizi alikwenda kuomba ruhusa ya wiki mbili. Ilimbidi aeleze sababu. "Nikamwambia, yule mgeni wa lile swali ni mimi. Akavua miwani. Hakuniuliza kingine, akatia saini." Alipokuwa anatoka, msimamizi alimwita akampa ushauri wa mtu anayeishi kwa kutafuta habari za waliopotea: asianze na maofisa, aanze na wauza chai, wasuka nywele na wafagizi wa kambi, kwa sababu hao ndio wanaoona mtu akiingia na akitoka.

Basi lake ni Alhamisi. Begi limeshafunguliwa juu ya kitanda, na cherehani imesukumwa pembeni ili lipate nafasi. Ndani yake kuna picha ya Cheche akiwa na kofia ya kazi, nguo mbili za kubadilisha, na kadi moja ya mwaliko iliyoandikwa jina lake kwa mkono, kama zilivyoandikwa za wageni wote.

"Nikimkuta, nampa kadi yake," anasema. "Kugombana tutagombana baada ya harusi, nisimharibie mtoto siku. Nikionyeshwa kaburi, nitakaa nalo kidogo. Kisha nitarudi na neno lile mimi mwenyewe, na kadi zikiwa zimeshachapwa, tutalijaza kwa kalamu, moja moja. Nitakuwa na haki nalo."

Na akikosa vyote viwili?

"Hapo nitakuwa nimeuliza," anasema. "Nitarudi kazini kwangu nikajibu wengine. Ila sidhani kama nitakosa vyote. Mtu mwenye kelele kama yule hapiti mahali asikumbukwe."

Binti ametoka zamu ya hospitali na bado ana sare yake nyeupe. Ndiye anayekunja nguo, anazipanga, anazitoa, anazipanga upya. Anamsomesha mama yake kama anavyowasomesha wagonjwa: maji ya kunywa ya chupa, dawa ya presha asubuhi, pesa asizibebe mfuko mmoja. Mama anaitikia, ndiyo, ndiyo, muuguzi.

Zipu inagoma kona moja. Binti anaishindilia kwa goti, inafunga. Anabaki ameinama hapohapo, mkono juu ya begi.

"Na mama," anasema bila kugeuka, "ukifika kule, hata mtandao uwe wa taabu namna gani, usiniambie utanipigia. Wewe rudi."