Matanga ya Televisheni ya Yunus

Yunus wa Mapinga alikuwa mtu wa maneno machache mno. Ukimsalimu anaitikia vizuri, ukimuuliza habari za mihogo anakwambia nzuri, na baada ya hapo anatazama vidole vya miguu yake. Lakini alipenda watu. Ndiyo maana alinunua ile televisheni ya mtumba, ya zamani yenye chogo nyuma, nzito kama gunia la chumvi. Kila jioni aliitoa barazani, majirani wakajaa mkekani, wakacheka na kubishana, naye akakaa katikati yao bila kulazimika kusema neno. Kwake hakukuwa na raha kushinda hiyo.

Jioni moja, katikati ya tamthilia, picha ikajikunja ikawa mstari mmoja mweupe.

"Yule mume mwongo kaingia wapi sasa?" akauliza Bi Mwaija, jirani yao mtu mzima.

Kabla hajajibiwa, moshi ulifuka nyuma ya televisheni, kisha kimya.

Kesho yake walikuja watu wanne. Keshokutwa alikuja Bi Mwaija peke yake. Alikaa akimtazama Yunus, Yunus akitazama vidole vyake, mwishowe mama huyo akasema mgongo unamuuma, akajiondokea. Usiku ule Yunus hakula akashiba.

"Tununue nyingine, Baba Samia," alisema mkewe, Shamsia. "Hela ya mabati ya jiko ipo. Kama hiyo inatengenezeka, naezeka jiko langu. Kama haitengenezeki, basi jiko lingoje. Nataka neno moja tu la fundi."

Fundi mwenyewe alikuwa Ishaka, Mnyamwezi wa Tabora, na Yunus ni Mzaramo. Watu hawa ni watani tangu enzi za mababu, na mtani hata akikutukana huruhusiwi kununa. Yunus aliifunga televisheni nyuma ya baiskeli, akaisukuma mpaka kwenye kibanda cha Ishaka. Ishaka akafungua mfuniko, akanusa, akafunga, akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mtani, umeniletea maiti! Imekufa hii, tena inanuka. Kachimbe kaburi!"

Yunus akacheka. Alitaka kuuliza, unasema kweli au unanitania? Swali likafika kooni, likarudi lilikotoka.

"Nitapita Ijumaa," akasema.

Nyumbani Shamsia alikuwa anamngoja mlangoni.

"Kasemaje?"

"Kasema imekufa."

"Imekufa kweli, au ndiyo utani wenu?"

"Sijui."

"Hukumuuliza?"

Yunus akatazama vidole vyake.

"Ya Rabi, nimeolewa na kisiki," akasema Shamsia, lakini alikuwa anacheka.

Ijumaa Yunus akarudi. "Maiti wako bado yupo," Ishaka akampokea. "Wenzako huzika siku hiyohiyo. Nyie Wazaramo mnalima mihogo kwa sababu tu haiwezi kuwakimbia!" Yunus akacheka tena, akarudi tena mikono mitupu. Na mechi ya Simba na Yanga ilikuwa imebaki wiki moja.

Jumamosi, baada ya alasiri, vilio vikasikika njiani. Mapinga nzima ikatoka nje. Ishaka na Wanyamwezi wenzake watatu walikuwa wanakuja na kitanda cha kamba mabegani, na juu yake televisheni imefunikwa shuka jeupe.

"Uwiii! Kaondoka kipenzi chetu! Kaiacha rimoti yatima!"

Wakakitua kitanda barazani kwa Yunus. Watu walikuwa hoi kwa kicheko.

"Chezeni," akasema Bi Mwaija, "ila maneno ya dini msiyaguse."

"Hatuyagusi, mama. Tunamtaka mfiwa aseme," akajibu Ishaka. Kisha akamdaka tetea wa Shamsia aliyekuwa anapita zake. "Asiposema, tunakula kuku mmoja mmoja mpaka banda liishe."

Macho yote yakamgeukia Yunus. Akatazama vidole vyake, visimsaidie chochote. Tetea akapiga kelele. Shamsia akamtazama tetea, akamtazama mumewe.

"Mtani," Yunus akasema. Akakohoa. "Mtani, mimi kabla sijalia nataka kumjua muuaji. Marehemu katoka hapa mgonjwa tu. Kafia mikononi mwako."

Baraza likalipuka. Yunus mwenyewe alishangaa, na kabla hajashikwa na haya, neno jingine likamtoka:

"Mnyamwezi katembea kwa miguu yake kutoka Tabora, kaja kuua televisheni ya watu!"

Ishaka alicheka mpaka akakaa chini, tetea akamponyoka. Hapo ndipo Yunus akamsogelea.

"Sasa weka utani pembeni. Inatengenezeka, haitengenezeki?"

Ishaka akafuta machozi. "Haitengenezeki, mtani. Kile kidude kinachopandisha umeme ndani kimeungua, na kipuri chake siku hizi hukipati hata Kariakoo. Nilikwambia kweli tangu siku ya kwanza. Wewe ndiye ulicheka."

Hakuna aliyeondoka. Shamsia alipika kahawa, akaleta mihogo ya nazi, na mfiwa akatakiwa aeleze sifa za marehemu. Akaeleza. Alianza na namna ilivyokuwa haiwaki mpaka ipigwe kofi, na adhana ya magharibi ilimkuta bado anasimulia.

Jumatatu mtu na mkewe wakaenda kwa Ishaka, ambako palikuwa na televisheni moja nyembamba, nayo ya mtumba.

"Nzima hii?" akauliza Yunus, hata salamu hajatoa.

"Nzima."

"Kweli au utani?"

"Kweli."

"Wallahi?"

Ishaka akaacha kutabasamu. "Wallahi, mtani."

Jioni ya mechi hapakuwa na pa kuweka mguu barazani kwa Yunus. Ile ya chogo ilikuwa imetolewa matumbo, imewekwa nyuma ya jiko lisilo na bati, na tetea ametagia humo. Kipindi cha pili Yunus alikuwa anamweleza Ishaka jambo, na Bi Mwaija akainua shingo.

"Nyie wa mbele, hebu punguzeni sauti ya hiyo televisheni," akasema. "Namsikiliza mfiwa."