Nilihirimia Umra, Nikapelekwa Jeddah

Mpaka leo nikimsikia mtu anasema Makka haikimbii, damu hunichemka. Msemo huo niliambiwa mimi, kituoni mwa mikati, nywele zangu zikiwa bado na maji.

Nilikuwa mwaka wa pili Riyadh, yaya na mpishi na mfuaji kwa wakati mmoja, katika nyumba ya watoto watatu. Madam aliniahidi umra. Hakunong'ona; alisema mezani mbele ya baba mwenye nyumba, mimi nimeshika sinia la wali. Siku hiyo hiyo nikampigia mama yangu Likoni, na mama hana kifua cha kuweka habari njema. Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulijua kwamba mtoto wake anakwenda kuiona Alkaaba.

Tuliondoka Alhamisi iliyofuata, alfajiri. Mbele dereva na baba, nyuma madam, mimi na watoto. Dereva alikuwa Mhindi, Baniani, mtu mkimya aliyekula peke yake chumbani kwake kando ya geti. Saa nane mchana tukafika mikati ya njia ya Taif, pale ambapo msafiri wa umra huoga na kutia nia. Nikaoga. Nikaswali rakaa mbili, nikahirimia kwa kauli yangu mwenyewe: Labbaika. Ukishatamka hilo umefungwa. Hujitii manukato, hukati ukucha wala unywele, na hufunguki mpaka uizunguke Alkaaba, utembee baina ya Safa na Marwa, upunguze nywele.

Nilipotoka nikakuta teksi imesimama. Baba yuko ndani na shuka zake mbili nyeupe, anachezea simu.

"Wewe na watoto mtakwenda Jeddah na dereva, kwa dada yangu," madam akasema. "Umra na watoto ni taabu. Sisi tutawakuta kesho."

"Madam, nimeshahirimia."

"Nani alikwambia uhirimie? Vunja. Makka haikimbii. Yalla, watoto wanachomwa na jua."

Vunja! Mtu aliyezaliwa na kukulia nchi ile, aliyesoma haya kabla ya mimi kujua alifu, aniambia nivunje ihramu kama anayeniambia nivue aproni. Na ile teksi haikudondoka kutoka mbinguni. Iliitwa. Aliijua tangu Riyadh, akanilisha matango pori njia nzima ili nisinune kwenye gari. Nilikasirika, na kwa hasira hiyo hiyo nikamfunga mtoto mdogo mkanda.

Laiti ningekuwa mwanamume, shuka zangu zingenisemea kila mlango nitakaoingia. Ihramu ya mwanamke haionekani. Nilifika Al-Nuzha, Jeddah, nikiwa na buibui langu la kila siku, nikaonyeshwa jikoni.

Jioni wakaja wageni. Dada yake madam akanipa chetezo cha udi niwazungushie. Nikakataa, nikamwambia siwezi kujifukiza, nimehirimia.

Akacheka. "Kwa hiyo umra unaifanyia jikoni?"

Wageni nao wakacheka. Makaa yalikuwa mekundu na zulia lilikuwa la bei. Shetani alinipitia, sitaki kudanganya. Nilikiweka chetezo chini taratibu, nikarudi kuosha vyombo kwa maji matupu, maana hata sabuni yao ilinukia.

Baba na madam walifika Ijumaa baada ya swala, wamefunguka, wanapongezwa na kila mtu. Nikangoja madam amalize chai nikamuuliza kuhusu umra yangu.

"Mwakani, inshallah," akasema. "Kesho alasiri tunarudi Riyadh."

Nimeishi nao. Naijua inshallah ya Mungu, na naijua ile ya kumnyamazisha mtumishi.

Jumamosi asubuhi dereva alitumwa kuweka petroli na kuosha gari. Nyumba nzima ilikuwa imelala. Maji nilikuwa nimeyavulia nguo, sharti niyaoge. Nikafungua mlango wa nyuma wa gari nikaketi.

"Nipeleke Makka."

"Makka? Mimi mamnu, sista." Kiarabu chetu sote kilikuwa cha kuokoteza.

"Nipeleke mpaka pale unaporuhusiwa wewe."

Akayatazama madirisha ya juu kwa muda. "Yalla," akasema.

Njiani, yule bubu wetu akazungumza. Baada ya miezi miwili alikuwa na likizo. Atakodi gari kwao, ampeleke mama yake kuhiji kwenye mahekalu manne kwa siku tatu. Moja liko juu ya mlima, ngazi zake hupandwa miguu mitupu. Magoti ya mama yake yamekwisha, kwa hiyo atambeba mgongoni. Akaniuliza Alkaaba tunaizunguka mara ngapi. Nikamwambia saba. "Sisi pia tunazunguka," akasema, kwa furaha kama aliyekutana na jamaa.

Alisimama kituo cha petroli, kabla ya vibao vinavyomtenga asiye Mwislamu. Nikapanda teksi ya abiria wengi. Nilizunguka, nikatembea Safa na Marwa. Nikamwombea mama, ndugu zangu, wagonjwa na marehemu wa mtaa wetu, nikamwombea hata madam alainike moyo. Pale Marwa bibi mmoja Msudani alinikata ncha ya nywele kwa mkasi wake. Nililia, na zaidi ya nusu ya kilio kile ilikuwa hasira, kwamba haki yangu nimeichukua kama mwizi.

Nilimkuta palepale, anaosha gari kwa maji ya chupa. Simu yake ilikuwa imeita kutwa.

Al-Nuzha walitungoja getini. Madam hakunigusa wala hakunifokea. Njia ya Riyadh ni ndefu na watoto watatu walihitaji mtu. Hasira zote zikamwangukia dereva. Baba akasema likizo hakuna. Ruhusa ya kutoka nchini iko mkononi mwake yeye kafili, mdhamini wetu, na hatatoa. Halas.

"Baba, mimi ndiye niliyemwomba," nikasema.

"Wewe nyamaza."

Aliendesha mpaka Riyadh. Tuliposimama kwa swala nikamwomba radhi. "Mafi mushkila, sista," akasema, yaani hakuna shida. "Mama atangoja." Hakuniangalia.

Mama yangu alipiga kesho yake. Nikamsimulia yote, akacheka kwa furaha. "Kweli Baniani mbaya, kiatu chake dawa!"

Nikamfokea mama yangu, mara ya kwanza maishani. Kiatu gani? Mtu ametoa safari ya mama yake, nyinyi mnamhesabia kiatu! Mama akauliza, kwa upole ulionichoma kuliko kelele, "Basi wewe ulimwombea nini?"

Mizunguko saba nilitaja majina hadi koo likakauka, na lake halikuwamo. Nisingeweza kulitaja. Mwaka wa pili geti moja, naye nilimwita kama walivyomwita wao: dereva.